Nyota si za Matajiri Peke Yao

Mtu akisimama Vigwaza usiku wa Julai, mwezi ukiwa haupo, akajitenga kidogo na taa za barabara kuu ya Morogoro, ataiona Njia ya Maziwa ikipita karibu na utosi. Mtu wa Dar es Salaam hawezi kuiona hivyo, maana taa za mji zimemfunika.

Vijana wetu wengi watamani kuzipiga picha nyota hizo. Nia hiyo twaisifu. Lakini twaonya: mshahara wa mfanyakazi una ada ya watoto na chakula ndani yake, haifai kuupoteza kwa pupa.

Lipo kosa moja la kuepukwa. Mtu hununua darubini ya bei rahisi kwa kuwa sanduku lake lajisifu kukuza vitu mara mamia. Miguu yake hutetemeka, na picha haipatikani. Ubora wa darubini hutegemea upana wa kioo chake na uimara wa miguu yake, wala si majigambo ya sanduku.

Basi anunue nini? Kwanza, miguu mitatu imara ya kamera. Hata mwenye simu inayokubali kupangwa kwa mkono ataanzia hapo. Pili, kamera ya mtumba yenye kubadilishwa lenzi, iliyokaguliwa vema kabla ya kulipiwa. Lenzi ya milimita 18 inayokuja na kamera yatosha kuanzia.

Nyota huonekana kutembea kwa kuwa dunia yazunguka digrii 15 kila saa. Kamera ikiachwa wazi mno, nyota huwa mistari. Kanuni ni nyepesi: gawanya 500 kwa milimita za lenzi, kisha punguza theluthi moja kwa kamera nyingi za wanaoanza. Lenzi ya milimita 18 yavumilia sekunde 18 hivi. Piga picha nyingi, uziunganishe kwa programu ya bure kama Siril.

Mtambo wa kuifuata mbingu ungoje. Vitabu vya kigeni huuelekeza kwenye Nyota ya Kaskazini, nasi hapa, karibu digrii 7 kusini ya Ikweta, hatuioni. Ncha ya kusini nayo i chini sana, karibu na upeo wa macho, wala haina nyota ing'aayo. Kuupanga mtambo huo si kazi ya mwanafunzi wa kwanza.

Tarehe 1 Septemba 2016 wananchi walikusanyika Rujewa, Mbeya, wakaliona jua likipatwa hata likabaki kama pete. Mbingu zilitujia mlangoni. Je, zitakapokuja tena, picha zake zitapigwa na nani?

Twasema zipigwe na sisi wenyewe. Watu watano wa kazi moja wakichanga, kamera moja yawatosha wote, wala hapana atakayekopa. Kiangazi cha Juni hadi Septemba ndicho chuo chao.