Picha za Familia Ukutani: Nani Ameketi, Nani Amesimama, Nani Hayupo

Frateri anayekwenda kigangoni kwa mazoezi ya uchungaji hupokewa karibu kila nyumba kwa namna moja. Anakaribishwa sebuleni, anapewa kiti, na mwenyeji anakwenda jikoni kuangalia chai. Kwa dakika hizo anabaki yeye na ukuta. Juu upo Moyo Mtakatifu wa Yesu, pembeni kalenda, na chini yake picha za familia: babu ameketi, amevaa koti, bibi amesimama kando yake, mkono begani, watoto wamepangwa kwa kimo, soksi zimevutwa hadi magotini. Wengi wetu huziangalia kwa heshima, kisha tunasubiri chai. Tunashauri zisomwe. Picha ya namna hiyo ni kauli, na mwenye nyumba aliilipia.

Tuanzie mbali kidogo, kwa sababu huko jambo hili linaonekana waziwazi.

Kabla ya kamera, Uingereza ya karne ya 18 ilikuwa na tabaka la watu wa mikoani wenye mashamba. Hawakuwa watu wa ikulu. Walikuwa na ardhi ya kutosha wasilazimike kuilima kwa mikono yao. Walipotaka sura zao zibaki, walimtafuta mchoraji wa karibu. Mmoja wa wachoraji hao alikuwa Thomas Gainsborough, aliyezaliwa mwaka 1727 katika mji mdogo wa Sudbury. Baadaye alihamia Ipswich, kisha Bath, na mwisho London alikopata umaarufu mkubwa, lakini picha yake inayozungumzwa zaidi aliichora akiwa bado kijana wa kwao, mnamo mwaka 1750. Ndani yake wamo mume na mke, Robert Andrews na Frances Carter, waliofunga ndoa katika Kanisa la Watakatifu Wote, Sudbury, mwaka 1748.

Frances ameketi kwenye benchi la mapambo chini ya mti wa mwaloni, gauni lake la buluu limetanda. Robert amesimama, bunduki kwapani, mbwa miguuni. Wao wamesogezwa upande wa kushoto. Sehemu kubwa ya picha ni shamba: ngano iliyovunwa na kufungwa mafungu, mistari ya mabua iliyonyooka, kondoo kwa mbali, na mnara wa kanisa ukichungulia katikati ya miti. Katika shamba lote hilo hakuna mtu mwingine hata mmoja. Ngano imekatwa na imefungwa, lakini aliyeikata na aliyeifunga hawaonekani. Mwaka 1972 mwandishi John Berger aliwakera baadhi ya wataalamu wa sanaa aliposema kwamba watu hawa kwanza ni wamiliki, na kwamba umiliki unaonekana hata nyusoni mwao. Tunadhani alikuwa na haki.

Lipo jambo jingine. Mapajani mwa Frances, mchoraji aliacha sehemu bila kuimaliza. Wengine hudhani pangekaa ndege aliyewindwa, wengine mtoto ambaye angezaliwa baadaye. Picha ilibaki katika ukoo huo mpaka mwaka 1960, iliponunuliwa na Jumba la Sanaa la Taifa la London, na pengo lile lingali pale. Hata jina la picha ni Bwana na Bibi Andrews. Ukitaka kujua kwamba bibi huyo aliitwa Frances, binti wa akina Carter, lazima utafute kwingine.

Mchoraji mwingine wa mikoani, Arthur Devis, mzaliwa wa Preston, alikwenda mbali zaidi. Alitumia mwanasesere wa mbao aliyevishwa nguo badala ya kuwachosha wateja kwa kusimama saa nyingi, na vyumba vingi alivyowaweka ndani yake vilikuwa vya kubuni. Familia ilining'iniza ukutani picha ya sebule ambayo haikuwa nayo. Tusiwacheke. Kanisani pia tunalijua jambo hili: katika picha kubwa ya altare ya Ghent, iliyokamilishwa na Jan van Eyck mwaka 1432, walioigharimia, Joos Vijd na mkewe Elisabeth Borluut, wamo wamepiga magoti. Na sisi tuna majina ya wafadhili kwenye mabenchi.

Kwetu kazi hiyo ya mchoraji ilifanywa na mpiga picha wa studio, na ilianzia pwani. Zanzibar ya mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na studio za Wagoa, watu wa jamii yenye Wakatoliki wengi, kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini humo, akawapiga picha watu wa familia ya Sultani na watu wa kawaida waliokuwa na senti za kulipa. Mombasa, kuanzia miaka ya 1940, N. V. Parekh alijulikana kwa picha za maharusi na marafiki waliojipamba kama nyota wa sinema. Mteja alikuja na nguo yake bora, akachagua pazia la nyuma, akaamua mkono ukae wapi. Saa ilielekezwa kwenye kamera. Redio iliwekwa mezani.

Lakini studio za kale za Zanzibar zilikuwa na biashara ya pili: postikadi kwa wasafiri wa meli. Humo walionekana wanawake na wachukuzi wa pwani, wengi bila majina. Chini ya kadi paliandikwa tu kwamba huyu ni mwanamke wa Kiswahili, au huyu ni wa kabila fulani. Studio ileile iliweza kuwa na watu wa aina mbili. Aliyelipia picha alibaki na jina lake na la baba yake. Aliyepigwa ili auzwe alibaki kuwa mfano wa kabila. Bara nako, enzi za Wajerumani, watu wengi walipigwa picha kwa mtindo huo wa pili. Kwa hiyo babu aliyeingia studio kwa hiari yake, akalipa na kuketi alivyotaka, alikuwa anafanya jambo zito kuliko kujiremba.

Sasa rudi ukutani. Kwa akina Andrews mke ameketi na mume amesimama, huru kutembea shambani mwake. Kwetu mara nyingi ni kinyume: mzee ameketi, kwa kuwa kiti ni heshima, na mama amesimama. Angalia mikono imeshika nini: rozari, kitabu cha sala, cheti cha darasa la saba, kalamu mfukoni. Angalia nyuma: Tunduma na Vwawa studio zilikuwa na mapazia yao ya bustani na maporomoko ya maji, kama vile wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walivyochora meli na ndege kwa ajili ya wahamiaji waliotaka kuwatumia jamaa wa bara habari njema. Tunduma ni mji wa mpakani, wa malori na wa reli ya TAZARA. Watu wengi waliingia studio hapa wakiwa njiani, na picha ikaenda Nakonde, Kitwe au Dar es Salaam ndani ya bahasha. Aliyepigwa mbele ya bustani ya rangi hakuwa anadanganya zaidi ya wateja wa Devis. Alikuwa anasema anakotarajia kufika.

Kisha uliza nani hayupo. Mke wa pili? Mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa? Binti wa kazi aliyebaki nyumbani kupika siku hiyo? Mama mzazi aliyekataa kupigwa picha? Swali hili lina uzito, kwa sababu msiba ukitokea na ukoo ukakaa kugawana shamba la kahawa kule Mbozi, picha hutolewa kabatini. Aliyemo huelekezwa kwa kidole. Asiyemo huanza kujieleza. Picha haikupigwa ili iwe ushahidi wa urithi, na haistahili kutumiwa hivyo peke yake. Yule ambaye hakuwapo siku ya studio anaweza kuwa ndiye aliyepalilia kahawa miaka yote, sawa na wavunaji wa ngano wa Sudbury.

Hatari iliyo karibu zaidi ni kwamba picha zetu wenyewe zinaanza kuwa postikadi. Wajukuu wanaonyesha fremu na kusema, “Hawa ni wazee wetu,” basi. Majina alikuwa nayo bibi, na bibi hayupo tena. Kila Novemba tunaandika bahasha za majina ya marehemu wa familia ili waombewe. Katika nyumba ambazo ukuta umejaa sura, orodha mara nyingi inaishia kwa babu mmoja.

Kwa hiyo jumuiya ndogo ndogo zinaweza kufanya kazi hii kabla ya Novemba. Shusheni picha, mkae na mzee mkubwa kuliko wote, muulize. Andikeni nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza. Wino wa kalamu hupenya na kuchafua upande wa mbele. Anzeni kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza. Mwanamke aandikwe kwa jina lake la ubatizo na la baba yake, pamoja na lile la kwao la Kinyiha, Kinyamwanga au Kindali. Isiwe “mama Fulani” peke yake. Picha za rangi zianze kabla ya zile nyeusi na nyeupe, ingawa wengi hufikiri kinyume: rangi za miaka ya 1980 na 1990 hufifia na kuwa nyekundunyekundu, wakati picha nyeusi na nyeupe ya harusi ya mwaka 1962, ikiwa ilisafishwa vizuri, bado ni kavu na wazi. Ziondoeni kwenye ukuta unaopigwa na jua, na kwenye ukuta wa udongo unaopandwa na mchwa. Msizipeleke kubanwa plastiki ya moto, maana haibanduki. Zipigeni kwa simu pia, lakini simu huibiwa.

Na kama ni picha ya harusi, andikeni majina ya wasimamizi. Mara nyingi msimamizi ndiye pekee aliye hai wa kuulizwa hao wengine ni akina nani.