Pampu ya ploti haifi ghafla, huwa imelia siku nyingi

Saa kumi na moja alfajiri, Jumatatu. Unaishi ghorofa ya tano Kihunguro, Ruiru, na lazima uwe stejini kabla Thika Road haijajaa. Unafungua mfereji, unatoa hewa tu. Unacheki grupu ya WhatsApp ya ploti, unakuta ujumbe wa keateka ulioingia usiku wa manane: "Pampu imeungua. Fundi anakuja. Tuvumiliane."

Kuvumiliana huko kunaweza kuchukua siku tatu. Utamlipa kijana wa mkokoteni akuletee maji hadi getini, kisha upande ngazi na mtungi wa lita 20, yaani kilo 20 mkononi kabla hujanywa chai. Jirani yako mwenye mtoto mchanga hawezi kumwacha kitandani akabebe maji. Yeye atafanyaje?

Linalouma ni kwamba pampu hiyo haikufa usiku huo. Ilikuwa imelia kwa wiki kadhaa, na hakuna aliyeisikiza.

Maji hayapandi yenyewe

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Ruiru ilikuwa na watu 490,120 na Thika 251,407. Tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe rasmi mwaka 2012, fleti zimeota kila upande. Thika yenyewe iko karibu na mito miwili, Chania na Thika, na ina maporomoko ya maji yanayovutia watalii. Lakini mto haupandi ngazi.

Maji ya RUJWASCO kule Ruiru au THIWASCO mjini Thika huingia katika tangi la chini ya ploti. Kutoka hapo pampu huyasukuma hadi tangi la paa, ndipo yashuke kwako. Kila mita 10 za kwenda juu zinahitaji presha ya takriban baa moja. Tangi likiwa mita 20 juu, hizo ni baa mbili, bila kuhesabu nguvu inayopotelea ndani ya mabomba. Mashine inafanya kazi hiyo kila siku, na mara nyingi imefungiwa kwenye kichumba chini ya ngazi ambako hakuna anayeingia.

Inavyolia

Dalili ya mvua ni mawingu. Pampu nayo ina zake, na huhitaji kusomea uhandisi kuzitambua.

Ukisikia sauti kama ya kokoto zinazosagwa, maji hayafiki kwenye pampu ipasavyo. Huenda chujio limeziba au bomba la kunyonya linaingiza hewa. Viputo vinavyopasuka ndani hula ile feni inayosukuma maji.

Ukiona matone pale mota inapoungana na pampu, sili imechakaa. Leo ni tone, kesho maji yamefika kwenye beringi, na baadaye kwenye mota.

Kama pampu ya presha inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, ama kile kitangi chake cha presha kimepoteza hewa, au kuna choo kinachovuja mahali. Kila inapowaka, mota huvuta umeme mwingi na kupata moto.

Na ikiwa tangi la paa lililokuwa likijaa kwa saa moja sasa linachukua saa mbili, kuna kitu kimelika au kinavuja. Bili ya stima itakuambia vivyo hivyo.

Adui mkubwa zaidi katika mitaa yenye mgao ni pampu kuzunguka bila maji. Tangi la chini limekauka, lakini hakuna aliyezima. Maji ndiyo yanayopoza sili, hivyo yakikosekana inaweza kuungua ndani ya dakika chache. Tiba yake ni swichi ya boya ndani ya tangi la chini, inayozima pampu maji yakipungua. Bei ya swichi hiyo haikaribii hata kidogo bei ya mota mpya.

Daftari moja tu

Kuna malandilodi wanaosema kitu kisichoharibika hakiguswi. Hesabu inawakataa. Pampu ikiungua Jumamosi usiku, fundi hutaja bei akijua huna la kufanya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe utaujenga kwa bei ya dharura.

Ratiba si ngumu. Kila wiki, keateka asikize sauti, aangalie matone, na aandike tangi limejaa kwa muda gani. Kila mwezi, chujio lisafishwe na swichi ya boya ijaribiwe. Ploti ikiwa na pampu mbili, zipokezane zamu, maana pampu ya akiba isiyowashwa inaweza kukwama siku unapoihitaji.

Kila miezi mitatu, fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA akaze nyaya na apime ampea, alinganishe na zilizoandikwa kwenye kibati cha mota. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja huunguruma na kuungua upesi, kwa hivyo kiwepo kifaa cha kuizima. Mara moja kwa mwaka, tangi la chini lisafishwe, na sili na beringi zikaguliwe.

Ila usijifanye shujaa. Maji na umeme havichezewi, kwa hivyo swichi kuu izimwe kabla ya yeyote kugusa kitu. Na mtu asiingie tangi la chini peke yake, kwa sababu hewa ya ndani inaweza kuua.

Hasla iko hapo

Kama umesomea umeme au ufundi bomba, tuseme pale Thika Technical, usingoje simu ya usiku. Tembelea ploti kumi za mtaa mmoja, Makongeni au Membley, uwape mkataba wa kukagua kila mwezi. Ploti kumi zilizo karibu hazikulii nauli, na landilodi anajua atakacholipa. Daftari lako likionyesha ampea za miezi sita, unaweza kumwambia mota inachoka kabla haijazima.

Nawe mpangaji, kabla ya kulipa deposti ya keja, usiulize tu kama maji yapo. Uliza pampu ni ngapi, na ilikaguliwa lini. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya maji safi ya kutosha, lakini Katiba haisukumi maji hadi ghorofa ya tano.

Leo jioni ukipita karibu na kile kichumba chini ya ngazi, simama kidogo usikize. Ukisikia kokoto, rekodi sauti hiyo na uitume kwenye grupu. Afadhali uonekane msumbufu leo kuliko kubeba mtungi Jumatatu.