Umeingia chuo? Fungua akaunti kwanza, kufuliza baadaye

Barua ya chuo imefika. Kijana wa Kiembeni sasa anajiandaa kuvuka daraja la Nyali kila asubuhi kwenda Tudor, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, au kupanda gari la Mtwapa hadi Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Nyumbani swali la kwanza ni karo. La pili: pesa za matumizi zikikata katikati ya muhula, itakuwaje?

Wengi wana jibu la neno moja: "Nitafuliza." Sawa, lakini jua kwanza unachoingia.

Akaunti ya mwanafunzi

Ukienda benki, beba kitambulisho cha taifa, PIN ya KRA, barua ya chuo au kadi ya mwanafunzi, picha ya pasipoti na laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Hakikisha jina linafanana kwenye vyote. Kabla ya kutia sahihi, uliza mambo matatu: ada ya kila mwezi ni ngapi, kutoa pesa ATM ni ngapi, na kuhamisha pesa kwenda kwa simu ni ngapi?

Kama una mkopo wa HELB, karo hulipwa chuoni moja kwa moja. Zinazokuja kwako ni za matumizi tu, na ndizo za kulindwa.

Ovadrafti hupewa nani?

Ovadrafti ni ruhusa ya kutumia pesa kupita salio lako. Benki huangalia kinachoingia kwenye akaunti, na mwanafunzi hana mshahara, kwa hivyo si rahisi kuipata kaunta. Wengi wameijua kupitia Fuliza, iliyoanza Januari 2019. Usidhani ni zawadi ya simu: nyuma yake kuna benki mbili, NCBA na KCB. Limiti yako hutegemea unavyotumia laini na unavyolipa.

Tupige hesabu

Kwa viwango vilivyoanza Oktoba 2022, kufuliza hukatwa asilimia 1 papo hapo. Ukichukua kati ya 501 na 1,000, siku 3 za kwanza hazina ada ya kila siku, kisha ni shilingi 6 kwa siku.

Tuseme umefuliza 800 ukakaa nayo siku 30:

- Asilimia 1: shilingi 8
- Siku 27 mara 6: shilingi 162
- Jumla ya deni: shilingi 970, kabla ya ushuru

Hiyo 170 ya juu ni zaidi ya asilimia 21 ya ulichochukua, kwa mwezi mmoja. Mkopo wa HELB hutoza asilimia 4 kwa mwaka.

Sasa mama anatuma 1,000 ya chakula kwenye laini hiyo hiyo. Deni hujilipa kwanza. Zinabaki 30, na ukiongeza ushuru hata hizo ziko mashakani. Mama anajua ametuma chakula, kumbe amelipa deni.

Fanya hivi

1. Pesa za muhula zikae benki. Hamisha kwenye simu za wiki moja tu. Fuliza hujikata kwa pesa inayoingia kwenye laini, si iliyo benki.
2. Fuliza pale tu unapojua pesa ya kulipa inaingia lini. Ikiwa ni chini ya 1,000, jitahidi ulipe ndani ya siku 3.
3. Kama una deni, mwambie mzazi. Kodi ya chumba anaweza kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja.
4. Usiache deni lilale. Ukiripotiwa CRB, benki itaona siku utakapotaka mkopo wa maana. Kisheria una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bure mara moja kwa mwaka.
5. Akipiga mtu aseme atakuongezea limiti ukimpa PIN au "ada kidogo", kata simu. Limiti hainunuliwi.

Kufuliza, kwa Kiswahili cha siku zote, ni kuendelea na jambo bila kusita. Kwa pesa ya kukopa, afadhali usite kidogo. Piga *234#, chagua Fuliza, uangalie deni na viwango vya leo kabla hujaongeza hata shilingi moja.