Nambari za Hedifoni Zisitupumbaze

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeifunza kwa miaka mingi hapa Kisumu, lakini sikuitia maanani siku niliyotumwa na walimu wenzangu kununua hedifoni, yaani visikilizi vya kuvaa masikioni, kwa ajili ya vipindi vya kusikiliza katika somo la Kiswahili.

Muuzaji alinionyesha aina mbili. Kasha la kwanza liliandikwa: masafa, hezi 20 hadi 20,000. La pili: hezi 10 hadi 25,000, na bei yake ilikuwa nafuu. Nilijiona mwerevu kwa kupata nambari kubwa kwa fedha kidogo. Nikalipia za darasa zima.

Wiki iliyofuata niliwapa wanafunzi imla kutoka katika rekodi niliyoisoma mwenyewe. Niliposema "shuka", wengi waliandika "suka". Niliposema "shaba", wakaandika "saba". Kwa kuwa wengi wao wamelelewa katika Dholuo, lugha isiyokuwa na sauti /sh/, nilikata kauli upesi kwamba lugha ya mama ndiyo iliyowaponza. Kalamu nyekundu ikafanya kazi yake. Hatimaye mwanafunzi mmoja aliniambia kwa adabu, "Mwalimu, humu ndani sauti hizo mbili zinafanana." Nikazivaa hedifoni mwenyewe. Alisema kweli. Nilipoirudia rekodi ile ile kwa spika ya redio, makosa mengi yalitoweka.

Sababu ni ipi? Sauti ni mitetemo ya hewa, na hezi 1 ni mtetemo mmoja kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia takriban hezi 20 hadi 20,000, na upeo huo wa juu hushuka kadiri umri unavyosonga. Kwa hivyo zile 25,000 hazikuwa na faida kwa wanafunzi, sembuse kwangu mimi mwenye mvi. Sehemu kubwa ya nguvu ya /sh/ huwa kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi, ilhali ile ya /s/ huwa juu zaidi, kuanzia hezi 4,000 hadi 8,000 na kupita. Hedifoni inayofifiza eneo hilo huinyima /s/ makali yake, na tofauti baina ya sauti hizo mbili hufifia. Hapo mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ina /s/ pekee huandika ile aliyoizoea.

Kasha lenyewe halikusema uongo wa waziwazi. Lilitaja mwanzo na mwisho wa safari, likanyamaza kuhusu njia. Mtu akikuambia kwamba barabara fulani yatoka Kisumu hadi Busia, hajakuambia lolote kuhusu mashimo, kama yapo, baina ya Maseno na Ugunja.

Kinachokosekana aghalabu ni desibeli. Maelezo yasemayo "hezi 20 hadi 20,000, kwa tofauti isiyozidi desibeli 3 juu au chini" ni ahadi inayoweza kupimwa. Sauti ikipungua kwa desibeli 3, nguvu yake hubaki nusu. Ikipungua kwa desibeli 20, hubaki sehemu moja ya mia. Pasipo kutaja desibeli, mtengenezaji aweza kudai kwamba chombo chake chafika hezi 20,000 hata kama kinafika huko kikitambaa.

Bora kuliko maelezo hayo ni grafu inayoonyesha mwenendo wa sauti katika masafa yote. Hata hivyo, tusidhani kwamba mstari ulionyooka kama rula ndio ukamilifu. Sikio lenyewe hukuza sauti zilizo karibu na hezi 3,000, na waundaji wa hedifoni hulizingatia jambo hilo. Fauka ya hayo, hedifoni isiyokaza vizuri sikioni huvujisha besi, hata grafu ikiwa nzuri namna gani.

Asiyepata grafu ana kipimo kingine. Aende dukani na rekodi ya nyatiti anayoifahamu. Mpigaji mmoja huchezesha nyuzi nane, huku pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mwili wa ala na njuga zikilia mguuni. Je, mgongo wa pete wasikika mbali na nyuzi? Njuga zalia kwa uwazi, au zimekuwa kama mchanga unaochekechwa? Kisha ajisikilize akisoma: suka, shuka, saba, shaba. Dakika tano za namna hiyo zitamfaa kuliko nambari zote za kashani.

Walimu wa fizikia nao wana somo hapa. Wawape wanafunzi makasha ya vyombo hivi na kuwauliza: nambari hii inatuambia nini, na inatuficha nini?

Niliwarudishia wanafunzi wangu alama zao na kuwaomba radhi. Sikatai kwamba lugha ya mama ina athari zake, wala sisemi kwamba kila kosa ni la mtambo. Nasema tu kwamba, kabla hatujamhukumu mtoto kwa alichoandika, sharti tuhakikishe alichosikia.