Daktari Akisema "Tungoje Majibu"



Uvimbe si lazima uwe saratani. Hata kifua kikuu chaweza kuvimbisha tezi za shingo. Ndiyo sababu daktari hukata kinyama kidogo kikapimwe kwa darubini. Majibu huweza kuchukua wiki kadhaa, na pengine kipimo hurudiwa.

Wakati huo msikimbilie kuuza ng'ombe wala shamba, na msimfiche mgonjwa. Mchagueni mtu mmoja amsindikize, aandike maswali na kutunza karatasi zote. Hakikisheni mgonjwa amejiandikisha SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024. Kikundi kichange nauli. Siku ya majibu ikifika, nendeni, hata kama uvimbe hauumi. Ikithibitika ni saratani, Nyeri Hospisi husaidia wagonjwa na jamaa zao.

Tusimzike mtu kwa maneno kabla ya majibu.