Tofali Moja Moja: Rekodi za Gemu za Kujenga na Watu Wachache Waliozivunja

Gemu iliyouzwa kuliko zote duniani ilianzwa na mtu mmoja. Mei 2009 Markus Persson wa Sweden alitoa toleo la kwanza la Minecraft, lililokuwa dunia ya tofali za mawe na majani na karibu hakuna kingine. Kufikia Oktoba 2023 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 300. Kabla ya hapo, mwaka 2014, Microsoft ilikuwa imetoa dola bilioni 2.5 kuinunua Mojang, studio iliyozaliwa na gemu hiyo. Ninaandika nikiwawaza vijana wa Ipogolo, pale barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapopita chini ya mji wa Iringa, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Ni rahisi mtu wa huko kuamini kwamba gemu ni kazi ya makampuni ya Japani na Marekani yenye wafanyakazi elfu moja. Rekodi zenyewe zinasema vingine.

Kwanza tuone kinachowavuta watu. Kwenye Minecraft unajikuta porini, mikono mitupu. Unaupiga mti kwa ngumi mpaka gogo linadondoka. Gogo moja linatoa mbao nne, mbao nne zinakuwa meza ya fundi, na mezani hapo unatengeneza sururu ya kwanza. Siku nzima ya gemu ni dakika 20 tu, na karibu nusu yake ni mchana. Giza likiingia madubwana yanatoka, kwa hiyo lazima uwe umeshajistiri, hata kama ni kwenye shimo ulilochimba ubavuni mwa kilima. Kesho yake unapanua. Hakuna anayekuamuru ujenge nini wala lini umalize. Aliyekulia Iringa ameona udongo ukifyatuliwa tofali, zikaanikwa, zikapangwa tanuri na kuchomwa, kisha nyumba ikapanda chumba kimoja mwaka huu na kingine mwakani kadiri fedha inavyopatikana. Raha ya gemu hizi ni hiyohiyo: jengo ni lako, na kila tofali unaikumbuka ilikotoka.

Kwa ukubwa wa dunia yenyewe, Minecraft ina upana wa tofali milioni 60, na kila tofali inahesabiwa kuwa mita moja. Eneo lake linafika takriban mara saba ya uso wote wa dunia yetu. Machi 2011 Mmarekani anayejiita Kurt J. Mac alianza kuivuka kwa miguu katika toleo la zamani, akilenga mahali panapoitwa Far Lands, ambako hesabu za kompyuta zilikuwa zinavurugika na ardhi kugeuka kuta za ajabu. Ni zaidi ya kilomita 12,500 kutoka katikati, karibu safari 38 za kutoka Iringa hadi Mbeya. Guinness waliitambua safari hiyo kuwa ndefu kuliko zote katika gemu hiyo, na njiani amekuwa akichangisha fedha kwa ajili ya watoto walio hospitalini.

Kwa kazi ya mtu mmoja, mimi namtaja Eric Barone. Kwa zaidi ya miaka minne aliandika programu, akachora kila picha na kutunga kila wimbo wa Stardew Valley, gemu ya kulima, kufuga na kujenga shamba lililoachwa na babu. Ilitoka Februari 2016, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imeuza nakala milioni 41. Waliosubiri muda mrefu zaidi ni ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, walioanza Dwarf Fortress mwaka 2002. Waliigawa bure tangu 2006, wakiishi kwa michango ya wachezaji, hadi maradhi na gharama za matibabu zilipowasukuma kutoa toleo la kulipiwa Desemba 2022. Mwezi mmoja baadaye mapato yao ya mwezi yalipita dola milioni 7.

Hata hivyo rekodi ninayoiheshimu kuliko zote hizo haina nakala milioni. Ni ya Lual Mayen. Alizaliwa familia yake ikiikimbia vita ya Sudan, akakulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipomwambia mama yake anataka kompyuta, mama alijinyima miaka mitatu mpaka akafikisha dola 300, akamkabidhi. Kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji, hivyo Mayen alikuwa akitembea saa tatu hadi penye umeme na intaneti. Akajifunza programu mwenyewe, akatengeneza Salaam, gemu inayotaka amani badala ya mauaji, na wenzake wa kambini wakarushiana kwa Bluetooth. Mwaka 2018 alitunukiwa katika tuzo za The Game Awards huko Marekani. Kenya nako Wesley Kirinya alikuwa ameshaitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, moja ya gemu za mwanzo kabisa za 3D Afrika Mashariki. Na studio za Afrika zilipoungana mwaka 2022 chini ya Pan Africa Gaming Group, Khanga Rue ya Tanzania ilikuwemo.

Je, gemu iliyogusa ardhi halisi ni ipi? Minecraft tena, na jirani kabisa. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, lilishirikiana na Mojang kuanzia 2012 katika mradi wa Block by Block. Jaribio la kwanza lilikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, Kibera. Eneo lilijengwa ndani ya gemu, kisha wakazi wakakaa kwenye kompyuta kupendekeza nini kiende wapi. Ramani ya mhandisi inamtisha mtu asiyeisomea. Tofali za Minecraft hazimtishi, kwani akiona njia imekaa vibaya anaibomoa na kuiweka anapotaka yeye. Mradi huo umeshafika nchi zaidi ya 30.

Kwetu Tanzania rekodi kubwa ilikuwa ya Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji 170, kwa watoto karibu 3,000, vikiwa na programu za Kiswahili zenye michezo ya kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana zawadi ya dola milioni 10.

Anayetaka kuanza leo Ipogolo hahitaji hata kununua Minecraft. Luanti, iliyoanzwa na Perttu Ahola wa Finland mwaka 2010 kwa jina la Minetest, ni ya bure, inaingia kwenye simu ya Android, na ukishaipakua pamoja na gemu unayoichagua ndani yake unajenga bila bando. Tena inakuruhusu kuandika sheria zako mwenyewe kwa lugha ya programu ya Lua, na hapo mchezaji anaanza kuwa mtengenezaji. Na cha kujenga kipo: Kalenga si mbali. Ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilivunjwa pale na mizinga ya Wajerumani Oktoba 1894. Natamani atakayeisimamisha upya ndani ya Luanti, ukuta kwa ukuta, awe mtu wa Ipogolo, kisha aipeleke simu kwa wazee wa Kalenga wamwambie lango amelikosea wapi.