Kisimayu: upange, ununue, au urudi kisiwani?

Anayenipigia simu kutoka Mombasa au Ulaya huanza kwa kuuliza bei ya kiwanja Kisimayu, kusini mwa Somalia. Kwangu hilo ni swali la tatu. La kwanza ni nani anauza, la pili ni nani alikuwa akikaa hapo kabla ya 1991.

Mwaka huo serikali ya Siad Barre ilianguka, na Wabajuni wengi, wenyeji wa pwani na visiwa hivi, wakapanda majahazi kukimbilia Kenya. Nyumba zao zikaingiwa na wengine. Mji ukabadilisha mikono mara nyingi, hadi majeshi ya Kenya na wapiganaji wa kundi la Kisomali la Ras Kamboni walipowaondoa Al-Shabaab mwaka 2012. Halafu wakaanza kurudi wakimbizi wa kambi za Dadaab, Kenya, kufuatia makubaliano ya 2013 kati ya Kenya, Somalia na shirika la wakimbizi la UNHCR, na ukame ukawaleta wengine kutoka bara. Kila aliyeingia alitaka paa. Pembezoni, palipokuwa vichaka, sasa panapimwa kwa hatua na kuuzwa kwa dola.

Ndiyo maana kiwanja kimoja chaweza kuwa na wenyewe watatu: mwenye hati ya serikali ya zamani, mwenye karatasi ya utawala wa baadaye, na yule aliyejenga ukuta na kulala ndani. Bei ikiwa ndogo kuliko ya jirani, mara nyingi unauziwa ugomvi.

Tupige hesabu ya mfano, si bei ya soko. Ukipanga kwa dola 100 kwa mwezi, miaka 3 ni dola 3,600, na huzioni tena. Ukinunua kiwanja cha dola 5,000, ukaweka msingi na ukuta kwa dola 3,000, kisha akatokea mwenye hati ya zamani, umepoteza 8,000, na pengine na usalama wako. Kupanga, ambako watu hukudharau, ndiko nafuu kwa asiyeujua mji. Ila uliza mapema kodi ya miezi mingapi inatakiwa mbele, umeme wa kampuni binafsi unalipwaje, na kama kuna kisima au utanunua maji ya mkokoteni wa punda. Hayo huongeza gharama polepole bila wewe kujua.

Nyumba kuukuu mjini ni ghali kuliko kiwanja cha pembezoni, lakini ina kitu ambacho kiwanja hakina: majirani wanaokumbuka. Mzee wa mtaa akikwambia nyumba hii ilikuwa ya fulani, na fulani ndiye baba wa muuzaji, umepata ushahidi mzito kuliko mhuri. Mimi ningelipa zaidi hapo.

Na visiwani kwa Wabajuni? Chula, Koyama, Chovai, Ngumi: huko sijauza kitu, wala sitarajii. Ardhi ni ya ukoo na kijiji. Anayerudi huwaendea wazee. Mawe ya matumbawe na makuti yako karibu, lakini saruji, mbao na mabati huvuka kwa mashua kutoka mjini, na nauli hiyo huingia kwenye kila mfuko. Mabati nayo huliwa na chumvi ya bahari. Makuti hubadilishwa kila baada ya miaka michache, lakini huwa na baridi ndani. Maji ya visima vingi yana chumvi, na mgonjwa wa usiku hungoja mashua. Kwa mvuvi mwenye jamaa huko, kisiwa ni rahisi kuliko mji. Kwa mwenye watoto wa shule, sivyo.

Kumbuka pia kwamba dalali hulipwa nyumba ikiuzwa; mnunuzi akikosa usingizi baadaye, ujira haurudi. Nasema haya nami nikiwa dalali.

Basi panga kwanza, walau mwaka. Na usitume pesa kwa simu kabla mtu wa damu yako hajasimama kwenye kiwanja chenyewe, mbele ya wazee wawili, na majirani wa pande zote nne wakalikubali jina la muuzaji.